Presha Haipigi Hodi

Kaa kwenye benchi la kliniki ya presha asubuhi moja, iwe Ilala, Likoni au Kisumu, na kabla ya chai ya saa nne utakuwa umeisikia sentensi hii: "Mimi yangu ikipanda huwa naijua." Mmoja huijua kwa kisogo kuuma. Mwingine kwa moyo kwenda mbio. Wa tatu kwa kizunguzungu, au kwa hasira zisizo na kichwa wala miguu. Kila mmoja ana alama yake, na kila mmoja hula dawa kwa kuifuata alama hiyo: kisogo kikiuma anameza, kikitulia pakiti inarudi kabatini hadi siku kitakapouma tena.

Kwa maoni yetu, imani hiyo moja inaharibu mioyo ya watu wa Afrika Mashariki kuliko nyama choma na chipsi mayai zikijumlishwa pamoja. Presha haisikiki, na sababu yake ipo ndani ya mwili wenyewe.

Mwili una vihisio vya presha, tena vikali. Vipo shingoni, pale mshipa unaopeleka damu kichwani unapogawanyika, na vingine kwenye mkunjo wa mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo. Lakini habari zake huishia kwenye shina la ubongo, sehemu inayoendesha pumzi na mapigo ya moyo bila kutuomba ruhusa. Hazifiki kwenye fahamu. Isitoshe, vihisio hivyo huzoea. Presha ikikaa juu kwa siku kadhaa, hujipanga upya, vikaichukulia namba ya juu ya 160 kuwa ndiyo kawaida na kuanza kuilinda. Ndiyo maana mtu aliyeishi na 180 kwa miaka, akishushwa haraka hadi 120, huona kizunguzungu na kuilaumu dawa.

Na kisogo je? Maumivu yoyote hupandisha presha, yawe ya kichwa, ya jino, au ya mkojo uliobanwa. Aliyepima akiwa anaumwa kichwa na kukuta namba kubwa, mara nyingi ameona tokeo akaliita chanzo. Presha yenyewe huweza kuumiza kichwa ikifika juu sana, kwenye 180 kwa 120 na kuendelea. Chini ya hapo, mwenye 165 hulima, hucheza ngoma na kulala usingizi mnono.

Namba mbili na msuli mmoja

Namba ya juu ni nguvu ya damu ukutani mwa mishipa pale moyo unapokamua. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Zote huhesabiwa kwa milimita za zebaki, kwa kuwa mashine za kwanza zilitumia nguzo ya zebaki. Mkanda wa kubana mkono ulibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkoff, akaonyesha jinsi ya kusikiliza namba zote mbili kwa stethoskopu. Zaidi ya karne moja imepita na bado hakuna njia rahisi zaidi ya kujua.

Hospitali nyingi zinaita presha ya kupanda pale inapofika 140 kwa 90 na kuendelea, ikirudiwa siku tofauti. Ukijipima nyumbani kiwango kinashuka hadi 135 kwa 85, kwa sababu nyumbani mtu hana hofu ya koti jeupe. Wamarekani tangu 2017 wanaanzia 130 kwa 80. Mvutano huo wa viwango usikuchanganye. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya takwimu za watu wazima milioni moja, ulionyesha kwamba hatari haina mstari inapoanzia. Kwa mtu wa miaka 40 hadi 69, kuanzia 115 kwa 75, kila namba ya juu inapoongezeka kwa 20 au ya chini kwa 10, hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa moyo huongezeka maradufu. Mwenye 155 hajaizidi 135 "kidogo tu".

Madaktari wenyewe walichelewa kulijua hili. Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, alipimwa 12 Aprili 1945 akakutwa na 300 kwa 190. Alifariki siku hiyo hiyo kwa damu kuvuja ubongoni. Presha yake ilijulikana kuwa juu tangu miaka ya 1930, ila dawa za maana hazikuwepo, na wako madaktari walioamini kuwa presha ya mzee ni haki ya mzee. Utafiti maarufu wa mji wa Framingham, ulioanza mwaka 1948 na watu 5,209, ndio uliovunja imani hiyo huko kwao. Huku kwetu bado inatembea: "Umri wangu huu, 170 ni ya kawaida."

Sasa tazama moyo unavyoubeba mzigo huo. Chumba cha chini kushoto ndicho kinachosukuma damu mwili mzima, kama lita 5 kwa dakika ukiwa umetulia. Presha ikiwa juu, chumba hicho kinasukuma mlango wenye mtu anayeukaza kwa upande wa pili, mara 100,000 kwa siku. Msuli wowote ukibebeshwa hivyo hunenepa, kama mabega ya kuli wa bandarini. Tatizo ni kwamba moyo hunenepa kwa ndani. Kuta zinakuwa nene, nafasi ya damu inapungua, na msuli unakuwa mgumu usiolegea vizuri. Moyo usiolegea haujai, na damu iliyokosa pa kuingia hurudi nyuma hadi kwenye mapafu. Kuna dhuluma nyingine ya kimya: mishipa inayoulisha moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake moyo unapolegea. Msuli umenenepa, unahitaji chakula zaidi, na muda wa kula umepunguzwa. Miaka ikipita, kuta zilizochoka hutanuka, na hapo ndipo mtu anaambiwa moyo wake ni mkubwa.

Ugonjwa huu una sura ya kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Presha ndiyo iliyokuwa chanzo kwa asilimia 45 hivi, na mishipa ya moyo kuziba, ule ugonjwa tunaouona kwenye filamu mtu akijishika kifua, ilikuwa chini ya asilimia 8. Kule Ulaya wagonjwa wa aina hii kwa kawaida wamevuka miaka 70. Kwetu ni mtu ambaye bado ana ada za shule za kulipa.

Kupima kwenyewe

Mashine nzuri ikitumika vibaya inatoa uongo wenye tarakimu, na tarakimu huaminiwa. Makosa ni yale yale kila mahali.

Kubwa kuliko yote ni mkono kuning'inia. Damu ni kimiminika, ina uzito wake. Mkanda ukikaa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, kipimo huongezeka kwa namba 7 au 8. Anayepimwa mkono ukiwa umelala mapajani anaweza kutoka na 144 wakati yake halisi ni 135. Weka mkono mezani, mto au kanga iliyokunjwa chini yake, hadi mkanda ulingane na katikati ya kifua. Mkono uwe umelegea kabisa. Ukiushikilia wewe mwenyewe hewani, msuli unafanya kazi na namba inapanda.

Kosa la pili ni saizi ya mkanda. Mkanda unaokuja na mashine nyingi unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya bega na kiwiko. Ukipata 35, mkanda huo utabana pasipostahili na kukupa presha ambayo huna, pengine namba 10 au zaidi. Nunua mkanda mkubwa. Mama mwenye mikono minene anayemezeshwa dawa kwa sababu ya mkanda mdogo si jambo la kuchekesha, na hutokea.

Nguo nayo. Mkanda ukae kwenye ngozi. Mkono wa shati uliokunjwa hadi kwapani unabana kama kamba, afadhali kuuvua kabisa. Anayevaa buibui atafute blauzi ya mikono mipana siku ya kliniki.

Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usipande ngazi. Nenda haja ndogo. Kisha kaa dakika 5, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote sakafuni, miguu haijakunjwa nne. Usiongee. Kuongea peke yake kunaweza kuongeza namba 10, na hapa ndipo kliniki zetu zinapojikwaa: muuguzi anapima huku anauliza unaishi wapi na una watoto wangapi. Ni adabu nzuri, ila ije baada ya mashine kulia.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha tumia siku zote ule wenye namba kubwa. Tofauti ikizidi 15 kila unapopima, mwambie daktari, kwa kuwa huenda mshipa wa upande mmoja umesinyaa. Mashine za kifundo cha mkono ziache dukani. Zinadanganyika kirahisi mno na mkao. Na kama mapigo yako yanarukaruka bila mpangilio, mashine za betri hukosea. Omba upimwe kwa stethoskopu, tena omba kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu mapigo ya namna hiyo yenyewe yanaweza kuleta kiharusi.

Ili kupata namba ya kufanyia uamuzi, jipime siku 7 mfululizo: asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, jioni kabla ya kulala, kila mara vipimo viwili kwa kupishana dakika moja. Andika vyote, hata vile usivyovipenda. Futa vya siku ya kwanza, ambayo huwa ya wasiwasi, zinabaki namba 24 za juu na 24 za chini. Jumlisha kila kundi, gawa kwa 24. Karatasi hiyo moja ina thamani kwa daktari kuliko vipimo vitano vya kliniki vilivyopishana miezi.

Ukikuta 180 kwa 120 usikimbilie lolote. Kaa dakika chache, rudia. Ikibaki hapo na huna maumivu ya kifua, huhemi kwa shida, huoni ukungu, hujapooza upande wala ulimi si mzito, nenda kituoni siku hiyo hiyo ukarekebishiwe dawa taratibu. Ukiwa na mojawapo ya hayo, hiyo ni dharura. Kuna mazoea ya zamani ya kutoboa kidonge cha nifedipini na kukidondoshea chini ya ulimi ili "kuishusha fasta". Kataa. Presha ikianguka ghafla, ubongo na moyo vilivyozoea mgandamizo mkubwa vinakosa damu, na wapo waliopata kiharusi kwa tiba hiyo.

Hesabu ya pakiti ya chumvi

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Ushauri huo haumsaidii mpishi hata kidogo, maana hakuna anayepika sahani moja kwa kijiko. Fanya hesabu ya pakiti. Familia ya watu wazima 6 ina haki ya gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo inapaswa kuishi siku 16 angalau. Andika tarehe juu ya pakiti siku unapoifungua. Ikiisha siku ya 9, umeshapata jibu, wala huhitaji maabara.

Na hapo hatujahesabu chumvi inayoingia kwa mlango wa nyuma. Mkate. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vile vya vipande vya mraba, ambavyo mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Kipande cha gramu 4 kimebeba kama gramu 2, kisha mpishi anaongeza ya kwake. Maembe mabichi ya pilipili na chumvi pale kituo cha daladala. Ng'onda na papa: loweka usiku kucha, mwaga maji, loweka tena, halafu pika bila kuongeza chumvi, kwani samaki ana ya kutosha hata baada ya kuoshwa. Kwenye pakiti za viwandani utaona limeandikwa sodiamu na si chumvi. Zidisha mara 2.5 upate chumvi. Gramu 2 za sodiamu ndizo gramu 5 za chumvi.

Kuna moja ambayo haitajwi kabisa kliniki, nayo ni magadi. Maharage yaive haraka, kisamvu kilainike, mlenda uvutike, mpishi anatupia magadi. Kwa kuwa hayana ladha ya chumvi, hakuna anayeyahesabu, ila presha haipandi kwa ladha. Inapanda kwa sodiamu, na magadi ni sodiamu tupu iliyovaa kanzu nyingine. Kijiko cha chai cha soda ya kupikia kina zaidi ya gramu 1 ya sodiamu, nusu ya posho ya siku nzima. Loweka maharage tangu usiku, moto utamaliza kazi bila magadi.

Upande wa pili wa mizani ni potasiamu, inayosaidia figo kutoa sodiamu. Ipo tele kwenye ndizi, mchicha, viazi vitamu, maharage, maji ya madafu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vijiji 600 vya China, karibu watu 21,000, ambapo nusu ya vijiji vilipewa chumvi iliyochanganywa robo yake na kloridi ya potasiamu. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 14, bila mtu kubadili mapishi. Ukiiona chumvi hiyo dukani, inafaa, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini. Kwake yeye potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo.

Ya sigara, kitambi, kisukari, pombe na kukaa kitako siku nzima hatutayarefusha, yanajulikana. Utafiti wa mwaka 2004 uliofanyika katika nchi 52 ulionyesha kwamba mambo 9, hayo yakiwemo pamoja na presha na lehemu (mafuta kwenye damu), yanaeleza zaidi ya asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa kwanza wa moyo, kwa weusi na weupe sawa. Wanaosubiri kusikia kuwa ni "mambo ya ukoo" au "wivu wa majirani" wanabaki na sehemu ndogo sana ya kugombania.

Vidonge, na kwa nini vinashindwa

Watu wengi wenye asili ya Afrika wana presha ya aina ya figo kung'ang'ania chumvi. Kwa aina hiyo dawa zinazolegeza mishipa kama amlodipini, au zinazotoa chumvi kwa mkojo kama haidroklorothiazidi, hufanya kazi vizuri kuliko enalaprili au losartani ikiwa peke yake. Mwaka 2019 utafiti wa wagonjwa 728 katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulilinganisha jozi tatu za dawa. Jozi mbili zenye amlodipini zilishusha presha zaidi ya ile isiyo nayo. Kwa hiyo ukiandikiwa vidonge viwili tangu siku ya kwanza usidhani hali yako ni mbaya mno. Mara nyingi dozi ndogo mbili za njia tofauti hushusha zaidi kuliko dozi kubwa ya njia moja, na madhara huwa machache.

Rudi sasa kwa yule anayemeza kisogo kikiuma. Amlodipini hupanda mwilini taratibu. Huchukua siku 7 au 8 za kumeza kila siku kabla haijafikia kiwango chake kamili. Kidonge cha siku moja hakishushi chochote cha maana jioni hiyo. Kichwa kikitulia ni kwa sababu kilikuwa kitulie, au kwa sababu ya parasetamoli aliyoinywa pamoja. Na anayeacha akishaona 125 ajue kuwa 125 hiyo ni ya dawa. Ukiitoa nguzo usishangae paa likishuka.

Amlodipini hujaza vifundo vya miguu, hasa kwa dozi ya miligramu 10. Maji hayo hayatokani na figo wala moyo. Yanavuja kwa sababu mishipa midogo imelegezwa upande mmoja, ndiyo maana dawa ya mkojo haiyaondoi. Tunachokiona mara kwa mara ni mgonjwa kuongezewa furosemidi, dawa ya mkojo, kwa ajili ya miguu, kisha vidonge vya potasiamu kwa ajili ya furosemidi, halafu dawa ya tumbo kwa ajili ya potasiamu. Mwambie daktari apunguze amlodipini hadi 5 na kuongeza losartani. Mara nyingi miguu inarudi kwenye hali yake.

Enalaprili na ndugu zake huleta kikohozi kikavu kinachokera usiku. Hubadilishwa kwa losartani, hakitibiwi kwa dawa ya kifua. Midomo au ulimi ukivimba baada ya kuimeza, kimbia hospitali, na usiiguse tena maishani. Mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema, kwa kuwa enalaprili na losartani humdhuru mtoto tumboni. Zipo nyingine za wajawazito, methildopa na nifedipini ya kutoka polepole. Propranololi na atenololi, dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo, haziachwi ghafla.

Halafu kuna diklofenaki. Mgongo, goti, jino, kila maumivu dawa yake ni hiyo, na duka la dawa haliulizi kitu. Diklofenaki na ibuprofeni hubakiza chumvi na maji, hudhoofisha dawa za presha, na kwa moyo uliokwisha choka zinaweza kumlaza mtu wodini ndani ya wiki. Presha ikigoma kushuka licha ya vidonge vitatu, swali la kwanza ni je, kweli vinamezwa, na la pili ni nini kingine kinamezwa. Taja vyote: sindano za uzazi wa mpango, dawa za mafua, mitishamba. Juisi ya rosela inashusha kidogo, ukweli usemwe, lakini ile ya mtaani yenye sukari vikombe viwili kwa jagi inakupa kisukari kama nyongeza.

Kwa wafungaji wa Ramadhani, dawa ya mara moja kwa siku huhamishiwa kwenye futari, na ile ya mkojo isimezwe daku, utashinda na kiu na kizunguzungu. Panga na daktari wiki mbili kabla ya mwezi kuandama. Anayekunywa mara tatu kwa siku aulize kama ipo ya mara moja.

Milango mingine miwili

Moyo wa mtoto huharibiwa kupitia koo. Bakteria fulani wa mafindofindo wakimpata mtoto wa miaka 5 hadi 15, kinga ya mwili inayowapiga inaweza kuchanganya na kupiga viungo na vali za moyo (milango inayopitisha damu) pia. Maumivu ya magoti yanayohama kutoka kiungo hadi kiungo baada ya koo kuuma ni dalili ya kwenda nayo hospitali, si ya kupaka mafuta. Vali ikishaanza kuharibika, sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki 3 hadi 4 huzuia shambulio jingine. Utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa watoto 818 ambao ugonjwa wao ulionekana kwa kipimo cha eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) tu, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili ulizidi kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Sindano inauma, watoto wanaitoroka. Wazazi wasichoke.

Wasichana walioponyoka kugunduliwa hugunduliwa wakiwa wajawazito, kwa sababu mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu na vali iliyosinyaa haiwezi kuipitisha. Na yupo mama mwenye moyo mzima kabisa ambao unatanuka ghafla kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na mwezi wa tano baada ya kujifungua. Akisema anakosa pumzi akilala chali, au miguu inazidi kuvimba badala ya kupungua, asijibiwe kwamba ni uchovu wa uzazi.

Kifua

Mshtuko wa moyo kwetu hauchukui nafasi ya kwanza, ila unakuja mbio, na unapokuja huitwa gesi au vidonda vya tumbo. Watafiti wanaofanya kazi Moshi wameonyesha kuwa wengi wanaofika hospitali nao hupewa jina la ugonjwa mwingine. Maumivu yenyewe mara nyingi hayachomi. Yanabana, kama mtu amekaa juu ya kifua, yanapita dakika 15, yanakwenda taya, mgongo au mkono, na jasho la baridi linatoka. Mwenye kisukari, mzee, na mara nyingi mwanamke anaweza asiumwe kabisa: anakosa pumzi tu, anachoka ghafla, anatapika.

Mtafunishe aspirini ya miligramu 300, au vile vidogo vya 75 vinne, kama haimdhuru na hana vidonda vinavyotoka damu. Atafune, asimeze na maji, iingie haraka. Kama uso umepinda au mkono umelegea, usimpe. Huenda ni kiharusi cha damu kuvuja. Mpeleke kwenye kituo chenye kipimo cha umeme wa moyo, kinachotakiwa kufanyika ndani ya dakika 10 tangu afike, hata kama utaipita zahanati njiani. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu inafaa zaidi ndani ya saa 3 za mwanzo na ina mwisho kwenye saa 12. Kuzibua mshipa kwa waya kunafanyika sehemu chache za miji mikubwa, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Uganda kule Mulago. Usimwache mgonjwa atembee hadi kwenye gari, wala asiendeshe mwenyewe.

Kwa moyo uliokwisha choka

Aliyeambiwa moyo wake umetanuka au unajaa maji ana kifaa kimoja cha kununua zaidi ya mashine ya presha, nacho ni mizani ya kusimama. Maji hujikusanya mwilini kilo kadhaa kabla mguu haujabonyea kwa kidole, kwa hiyo kusubiri uvimbe ni kuchelewa. Pima kila asubuhi ukishakojoa, kabla ya chai, na nguo zile zile nyepesi. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hujanenepa kwa ugali, hayo ni maji. Piga simu kliniki siku hiyo. Wengine wanapewa maelekezo ya kuongeza furosemidi kwa siku chache, yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa jikoni. Hesabu pia mito. Aliyekuwa akilala na mmoja akaanza kuhitaji mitatu, au anayeamka saa nane usiku kwenda kukaa dirishani kutafuta hewa, mapafu yake yanajaa.

Mizani ikae juu ya sakafu ngumu, si juu ya zulia wala mkeka, na iwe ile ile kila siku. Ya dukani na ya kliniki zinaweza kupishana kilo moja, na kilo moja hapa ni nusu ya safari ya kwenda wodini.